Kitabu cha Stesheni na Hofu ya Msafiri: Mzuka katika Maktaba ya Reli ya India

Wahakiki wengi wamezoea kuuona usomaji wa safarini kuwa usomaji wa daraja la chini. Kitabu kinachonunuliwa stesheni kwa haraka, kikasomwa kati ya mji na mji na kusahauliwa kitini, huhesabiwa kuwa cha kupitisha wakati tu. Na kikiwa kitabu cha mizuka, dharau huzidi maradufu. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba mtazamo huo una kasoro mbili. Kwanza, unaitenga matini na soko lililoizaa. Pili, unadhani kwamba hadithi ya kutisha humtoa msafiri katika safari yake, ilhali aghalabu humrudisha humo humo na kumdai hesabu ya watu na mahali anapopapita. Mfano utakaochunguzwa ni The Phantom 'Rickshaw and Other Tales, mkusanyiko wa Rudyard Kipling uliochapishwa Allahabad mwaka 1888 ili uuzwe katika stesheni za reli za India.

Biashara ya vitabu vya safari ilikuwa imekwisha kukomaa Ulaya kabla ya wakati huo. Kampuni ya W. H. Smith ilifungua kibanda chake cha kwanza cha reli katika stesheni ya Euston, London, mwaka 1848, na baada ya miaka michache Louis Hachette aliifuata njia hiyo hiyo nchini Ufaransa. Huko India, vibanda vya stesheni vilihusishwa zaidi na kampuni ya A. H. Wheeler ya Allahabad, iliyoanzishwa mwaka 1877. Emile Moreau wa kampuni hiyo ndiye aliyebuni mfululizo ulioitwa Maktaba ya Reli ya India. Vitabu sita vya kwanza vya mfululizo huo vilikuwa vya Kipling, ambaye mwaka huo alikuwa kijana wa miaka 22 na mwandishi wa gazeti mjini humo. Kila kitabu kiliuzwa kwa rupia moja. Mkusanyiko unaojadiliwa hapa ulikuwa wa tano.

Bei na lugha vilimchagua msomaji. Aliyelengwa hakuwa abiria wa daraja la tatu aliyebanwa miongoni mwa mizigo na watoto, bali mtu aliyesoma Kiingereza na aliyeweza kutoa rupia nzima kwa ajili ya burudani ya usiku mmoja. Huyu, mara nyingi, alikuwa mtumishi wa serikali, askari au mhandisi: msafiri aliyevuka nchi aliyoitawala bila ya kuifahamu. Jambo hili ni la msingi kwa uhakiki wa kitabu chenyewe, kwa kuwa hadithi zake zote nne zinahusu wasafiri wa aina hiyo. Moja inaanzia melini. Ya pili inatukia katika nyumba ya kupumzikia wasafiri. Ya tatu inampeleka mhandisi mwenye homa katika shimo la mchanga. Na ya nne inaanzia ndani ya behewa la gari moshi. Msomaji aliyeinua macho kutoka katika ukurasa alikiona chumba kile kile alichokuwa akikisoma.

Tzvetan Todorov, katika utafiti wake wa mwaka 1970, aliifafanua fantasia kuwa ni kusitasita: msomaji hana hakika kama tukio lielezwe kwa kanuni za maumbile au likubaliwe kuwa la ajabu. Nadharia hii imetumiwa sana, lakini haisemi lolote kuhusu mahali anapokaa msomaji anaposita. Mwenyeji huijua sauti ya dari yake. Mgeni haijui, kila mlio wa usiku kwake ni swali. Kwa hiyo safari ni hali inayozalisha kusita huko, na mwenye kibanda cha vitabu aliiuza hofu mahali ambapo tayari ilikuwa na rutuba.

Hadithi ya nyumba ya wasafiri inalithibitisha hili kwa namna ya dhihaka. Msimulizi analala katika nyumba iliyochakaa na kusikia, kupitia ukutani, mchezo wa biliadi ukichezwa katika chumba kisichoweza kuingia meza. Mtumishi mzee anamweleza kwamba zamani vyumba vile vilikuwa ukumbi mmoja, na mabwana waliokuwa wakijenga reli walicheza humo kila jioni. Kusita kunageuka kuwa imani. Kisha inadhihirika kwamba mlio ulikuwa wa panya na wa komeo la dirisha lililolegea, na msimulizi anaikosa hadithi yake ya mzuka. Hata hivyo, jambo moja halifutwi na panya: waliodhaniwa kuwa mizuka ni wajenzi wa reli ile ile iliyomletea abiria kitabu hiki.

Hadithi iliyokipa kitabu jina ina uzito zaidi. Jack Pansay anakutana na Agnes Keith-Wessington, mke wa ofisa, katika meli itokayo Uingereza kwenda Bombay. Mapenzi yao ni mapenzi ya safari, na Pansay anatarajia yaishe kama safari inavyoisha. Mwanamke hakubali, anamfuata hadi Simla katika kigari chake cha kukokotwa na watu, akimsihi. Pansay anamkataa kwa ukatili, naye anakufa. Baadaye, Pansay akiwa na mchumba mpya, kigari kile kinamtokea barabarani. Mchumba anampitisha farasi wake katikati ya kigari bila ya kuona kitu. Daktari Heatherlegh anatoa maelezo ya kitabibu, ya kazi nyingi na tumbo lililoharibika, na hivyo kusita kwa Todorov kunadumu. Lakini dhamira ya hadithi haimo katika swali la kama mzuka upo. Imo katika imani ya Pansay kwamba kilichotendeka njiani hakina deni mtu akifika. Mzuka ni kanusho la imani hiyo.

Yupo mwingine anayetokea pamoja na bibi huyo, naye mara nyingi husahauliwa na wahakiki. Kigari hakijiendeshi. Wakokotaji wanne, ndugu wa tumbo moja katika masimulizi, wanaonekana wakikivuta wakiwa katika sare zao nyeusi na nyeupe. Pansay anapata kujua kwamba wote wanne walikufa kwa kipindupindu wakielekea Hardwar, mji wa hija. Nao walikuwa wasafiri, ila safari yao haikusimuliwa. Inatajwa kwa sentensi chache kama taarifa ya mwenye kigari. Wamekufa na bado wako kazini. Pansay mwenyewe anajiuliza, kwa mzaha wa mtu anayekaribia wazimu, bibi huyo huwalipa kiasi gani na saa zao za kazi ni zipi. Hapa ndipo hadithi inapofikia ukweli wake mkubwa, na hapo hapo ndipo inapoukimbia. Swali la ujira wa wafu ni swali la ujira wa walio hai, lakini limewekwa katika kinywa cha mgonjwa ili lichekwe na kuachwa.

Yamkini ataibuka mhakiki wa kusema kwamba usomaji huu unampa Kipling sifa asiyostahiki, kwani huruma ya hadithi iko kwa Pansay, na mtazamo wa kitabu ni wa kikoloni. Pingamizi hili lina nguvu. Hadithi ya Morrowbie Jukes, mathalani, inamwonyesha mhandisi Mwingereza aliyetumbukia katika shimo la watu waliozinduka baada ya kudhaniwa wamekufa. Anatarajia heshima, anapokewa kwa kicheko. Na Gunga Dass, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya simu za maandishi, anamtawala kwa kuwa anajua jinsi ya kuishi humo. Hofu inayouzwa hapa ni hofu ya mtawala kupoteza cheo, wala haistahili kuitwa utetezi wa watawaliwa. Hata hivyo, matini inaweza kuhifadhi ushahidi ambao mwandishi wake hakukusudia kuutoa. Wajenzi wa reli, mtumishi wa simu na wakokotaji wa kigari ndio waliomwezesha msomaji kusafiri, na ndio wanaorudi kumtisha.

Miaka tisa baadaye, riwaya ya Bram Stoker, Dracula, iliupanua uhusiano huu. Inaanza na safari ya gari moshi iliyochelewa, na katika ngome ya mbali mgeni anamkuta mwenyeji wake akisoma kitabu cha ratiba za reli za Uingereza. Kumbe anayetembelewa naye anaweza kusafiri. Njia ni ya pande mbili, na hilo ndilo linalomtisha mgeni.

Fasihi ya Kiswahili inaijua hali hii kwa sura nyingine. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), ni mgeni Ikibali, mjumbe wa mfalme, anayemwona usiku mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili. Naye ajabu yake aliiona kwa sababu alikuwa safarini. Tofauti ni kwamba ushahidi wake unapelekwa mbele ya mfalme, mwenyeji anaulizwa, na dhuluma ya zamani inapata hukumu na suluhu. Pansay hana wa kumpelekea shauri lake, kwa sababu jamii inayomzunguka haitaki kusikia zaidi ya maelezo ya daktari. Kwa Shaaban Robert, ajabu ni mwanzo wa kesi. Kwa Kipling, ni kesi isiyosikilizwa.

Hivyo basi, mwanafunzi wa riwaya pendwa hana budi kuyachunguza mambo ambayo mihadhara yetu huyaacha nje: kitabu kiliuzwa wapi, kwa bei gani, na mnunuzi alikuwa akielekea wapi. Vitabu vinavyotandazwa kando ya vituo vya mabasi vya Afrika Mashariki vinastahili maswali hayo hayo, hata kama baadhi yake ni dhaifu kisanaa. Msafiri anayenunua hadithi ya kutisha hununua, pamoja na hofu, nafasi ya kuona ni nani anayekivuta kigari alichokipanda. Kazi ya mhakiki ni kumtazama mvutaji huyo hata pale mwandishi alipompita haraka.