Kisu kutoka Mamba: springi ya lori iliyogeuka makali

Nyanya iliyoiva hadi kulainika ndiyo mtihani wangu wa kwanza kwa kisu chochote, na hiki kiliufaulu mpaka nikaita watu waje kuona. Sikukandamiza hata kidogo. Makali yaligusa ganda, nikavuta, kipande kikalala pembeni chembamba hivi kwamba mistari ya ubao wa kukatia ilionekana kupitia ndani yake. Na hiki wala si kisu cha jikoni! Ni kisu cha porini, kisichokunjwa, kilichofuliwa kwa nyundo huko Mamba, karibu na Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wahunzi wa Kichagga wamefua mikuki ya Wamasai kwa vizazi na bado wanafua.

Nikupe vipimo haraka. Bapa lina sentimita 11, mpini 12. Mgongo una milimita 3.5 pale unapotokea kwenye mpini, kisha unapungua polepole hadi nchani. Chuma ni kimoja tu, kinapita katikati ya mpini mpaka mwisho, na kimebanwa pande zote mbili kwa vipande vya mpingo vilivyopigiliwa pini tatu za shaba. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na uzito huo umefanya kazi nzuri sana: kisu kinakaa sawasawa juu ya kidole cha shahada, hakielemei mbele wala nyuma. Kukishika tu ni raha.

Chuma chenyewe kilikuwa pleti ya springi ya lori. Wengine husikia hivyo wakadhani ni chuma cha kuokoteza. La hasha! Springi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kama asilimia 0.6, mara nyingi pamoja na kromiamu kidogo, ili ipinde chini ya mzigo na kurudi ilivyokuwa. Ndiyo tabia hasa unayoitaka kwenye kisu kitakachopigwa na kukandamizwa. Kinachobaki ni moto, na hapo ndipo mhunzi anapojulikana. Kipimajoto hana, ana sumaku. Chuma kikifika takriban nyuzi 770 za Selsiasi sumaku hukiacha. Anakirudisha motoni kidogo, kisha anakichovya kwenye mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu mno, hata kukiangusha sakafuni ni hatari, kwa hiyo anakipasha tena taratibu, kwenye nyuzi 200 hivi, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya manjano hafifu. Nimepitisha tupa kwenye makali ya hiki: inateleza tu, haiumi. Kazi imekamilika.

Lakini kilichonivuruga akili si chuma wala moto. Ni wembamba! Wanaotafuta kisu cha porini huuliza kwanza unene, na wauzaji wamezoea kuwapa mapande ya milimita 5 au 6 yanayoonekana ya kishujaa mkononi. Chukua pande hilo ukate karoti: inapasuka kwa kishindo kabla makali hayajafika katikati, kwa sababu unene unaitanua. Mhunzi huyu amesugua bapa kuanzia mgongoni moja kwa moja hadi chini, na nyuma kidogo tu ya makali nimepima kwa kalipa milimita 0.4. Sifuri nukta nne, kwenye kisu cha kupasulia kuni! Muhogo mbichi, ambao visu vingi hunasa ndani yake, kinaupita mpaka chini. Nyama ya mbuzi kinaiachanisha na mfupa bila kuchanachana. Kamba ya katani yenye unene wa kidole kinaikata kwa mvuto mmoja, na gunia nisingeliweka hata kwenye orodha ya majaribio.

Basi nikakipeleka kwenye kuni, maana wembamba una gharama yake na nilitaka kuiona. Mkaratusi mkavu, mnene kama kifundo cha mkono. Nikaweka makali juu yake, nikapiga mgongo wa kisu kwa gogo, mti ukapasuka. Nikaendelea hadi vijiti vya kuwashia moto. Nikayatazama makali kwenye mwanga wa jua, nikitafuta hata mmeto mmoja wa sehemu iliyokunjika au kumeguka: hakuna. Kisha nikachonga vigingi vya hema kwa kisu hichohicho, bila kunoa, na bado maganda ya mti yalitoka marefu yakijikunja. Mifupa mikubwa nisingekipa, hiyo ni kazi ya shoka au panga.

Jambo moja ulijue kabla hujaagiza: chuma hiki kinashika kutu. Ukikiacha kimelowa usiku mmoja, hasa ukikaa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga kwenye hewa ya chumvi, asubuhi utakuta madoa mekundu. Kifute, kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kupikia. Usikilaze ndani ya ala, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Ila usichanganye kutu na ile rangi nyingine! Nilipomenya ndizi mbichi za mtori, utomvu wake ulichora bapa zima mawimbi ya buluu na kijivu. Tabaka hilo haling'oki kama kutu, na linasaidia kuilinda ngozi ya chuma. Kisu cha dukani kisichoshika kutu hakikupi hilo kamwe, na mimi napenda kila wimbi.

Kunoa ni jambo la dakika chache. Chuma hiki kinakubali kinoo haraka, na ukiwa safarini bila kinoo, pindua kikombe cha kauri, usugue makali kwenye ule mduara wa kitako usiopakwa rangi. Yanarudi!

Ala ndiyo sehemu dhaifu. Ngozi ni nzuri na imeshonwa kwa uzi mnene, lakini kitanzi cha mkanda ni chembamba, mkanda wangu wa kazini haupiti. Fundi viatu yeyote atakishona upya.

Nimeshaagiza cha pili: bapa la sentimita 8, mgongo wa milimita 2.5, mpini wa mpingo uleule. Na wewe ukienda kuagiza, usianze na urefu wala urembo wa mpini. Mwambie mhunzi asugue bapa kuanzia mgongoni, na aache chuma kiwe chembamba nyuma ya makali.