Upande wa Tatu

Mpwa wangu aliniita jikoni nikasikilize kitu. Alikuwa akiosha vyombo, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu hiyo kundi la Yes lilikuwa likipiga "The Remembering". "Mjomba, si ndio ule muziki wako?" Ndio wenyewe. Nikasimama na kitambaa mkononi, vinanda vikapanda taratibu kama maji yanavyojaa pwani, nami nikaanza kusahau nilichoitiwa. Mara akaingia mwanamke mchangamfu kututangazia bima ya gari. Alipomaliza, simu ikaruka ikapiga wimbo wa watu wengine kabisa, wa miaka mingine. Kijana hakugundua. Aliendelea kusugua sufuria.

Sikumlaumu. Hajapata kuishika mikononi Tales from Topographic Oceans, albamu ya santuri mbili yenye wimbo huo.

Mimi niliishikishwa na jirani yangu wa Leicester, mzee wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya kupiga chapa. Jumapili jioni alinikaribisha kwake, na kabla hajagusa santuri alikwenda kunawa, kwa sabuni, kama mtu anayesogezewa sinia la pilau. Kisha aliitoa sahani kwenye bahasha yake kwa viganja viwili, kidole kisiguse kati, akaiinamisha chini ya taa na kuizungusha polepole akiikagua. Brashi ya nyuzi laini ikapita mara moja, sahani ikiwa tayari inazunguka. Sindano hakuitupa, alishusha kijiti kidogo, na mkono ukashuka wenyewe, taratibu mno hata nikajikuta nimebana pumzi. Ikasikika chembe ya chumvi motoni. Halafu kimya kifupi. Halafu sauti.

"Keti, kijana," aliniambia, na kwa dakika 20 hakusema tena neno. Upande ukiendelea, hakuna aliyekwenda chooni wala kuuliza kitu. Nilipojaribu kusifu gita, aliinua kidole.

Adabu hiyo haikuwa ngeni kwangu. Mjomba wangu mimi, Mombasa, alikuwa na santuri ndogo za rumba, zile ambazo wimbo mmoja hukatwa vipande viwili. Waimbaji wakishamaliza hadithi yao na magita yakianza kuchemka, sauti inafifia, nawe unakimbilia kugeuza ili uipate sehemu ya pili, ambayo ndiyo ya kuchezea. Sisi watoto tuligombania nani ageuze. Aliyeikwaruza hakuguswa tena na zamu mpaka Idi. Lakini kule tuligeuza baada ya dakika tatu, nne. Kwa yule mzee nilijifunza kugeuza baada ya safari.

Albamu yenyewe ilianzia hotelini Tokyo, 1973, mwimbaji wa Yes, Jon Anderson, alipokuwa akipekua tawasifu ya yogi wa India, Paramahansa Yogananda, na kunasa kwenye tanbihi ndefu ya ukurasa wa 83. Tanbihi ilieleza maandiko ya Kihindu yaliyogawanyika sehemu nne. Nne! Santuri mbili zina pande nne. Yeye na mpiga gita Steve Howe wakaanza kuandika usiku kwa usiku katikati ya ziara, wakiwashia mishumaa vyumbani, na umbo zima likawakamilikia Savannah, Marekani, alfajiri ya saa moja. Anderson alitaka warekodi porini. Wakaishia Morgan Studios, London, ndani ya chumba kilichopambwa kwa marobota ya nyasi kavu na ng'ombe wa bandia, ili ajihisi shambani. Cheka ukitaka. Mimi namheshimu mtu anayejisumbua hivyo kwa ajili ya sauti.

Ikatoka mwishoni mwa mwaka huo: nyimbo nne tu, dakika 81, jalada lililochorwa na Roger Dean, linalofunguka kama kitabu, samaki wakielea mbele ya hekalu la Wamaya. Uingereza ikapanda hadi nafasi ya kwanza, na waandishi wengi wa magazeti wakaiponda kwamba ni majivuno matupu.

Hata ndani ya kundi kulikuwa na mtu wa upande wao. Rick Wakeman, mpiga vinanda, alilalamika kuwa muziki waliokuwa nao ulizidi sahani moja lakini haukutosha mbili, kwa hiyo wakajaziajazia. Katika onyesho moja la Manchester aliletewa kari jukwaani, akaila. Mwaka 1974 akajitoa. Nami, pamoja na mapenzi yangu yote, sithubutu kumwita mwongo: upande wa pili una mahali ambapo mchuzi umeongezwa maji kwa kuwa wageni wamezidi. Lakini ni Wakeman huyohuyo anayeuokoa upande huo kwa meletroni, kile kinanda ambacho kila kibonye huvuta utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, na utepe hauzidi sekunde nane hivi. Mpigaji hana budi kuinua kidole kabla haujaisha, autangulize mwingine, tena na tena, mpaka msikilizaji aamini kwamba bahari haina mwisho.

Ndiyo kazi ya mikono ninayoitaja hapa, na haikuishia studio. Baada ya wanamuziki alikuja fundi wa kukata santuri, mtu asiyeonekana. Upande mmoja wa dakika 20 ni mfereji mmoja tu, unaozunguka mara 667 hivi kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Besi nzito hutaka mfereji mpana; dakika nyingi hutaka mifereji iliyobanana. Fundi hukaa kati ya madeni hayo mawili: akimridhisha mpiga besi, nafasi itamwishia, akibana mno, sauti itanywea. Na kadiri sindano inavyokaribia kitovu, mzunguko unafupika, urefu wa mfereji unaopita chini yake kwa sekunde unapungua, na sauti nyembamba huanza kuchakaa hapohapo mtunzi alipopanga kilele. Waliolimudu hilo walijua thamani yao. George Peckham, aliyefanya kazi London, alikuwa akikwaruza jina lake la utani, Porky, kwenye ule ukanda mtupu unaozunguka lebo, kama fundi wa mlango wa Lamu anayejua ni nani atakayeinama kutazama.

CD ilipokuja, pande nne zikawa mbili. Simu ikazimaliza zote.

Mzee alifariki majira ya baridi. Watoto wake walikuja na gari kufuta nyumba, na santuri zilikuwa kwenye maboksi karibu na pipa, mvua ikianza. Niliomba albamu moja tu, Tales. Walinitazama kwa huruma, wakanipa.

Usiku ule nilinawa mikono. Chini ya taa niliona lebo za pande zote nne, na hapo ndipo nilipomfahamu rafiki yangu. Mtu anapoiweka sahani na kulitafuta tundu, ncha ya chuma hugusa karatasi ya lebo iliyo chini na kuacha mstari mwembamba, kwa hiyo kila upande huandikiwa hesabu yake kwenye lebo ya mwenziwe. Upande wa kwanza mistari ilikuwa imesongamana kama kiganja cha mvuvi. Wa nne vilevile. Wa tatu, "The Ancient", ilikuwa mitatu tu. Miaka yote ile tulipofika hapo alisema usiku umeingia, na mimi nikaaga.

Ni upande mgumu, kweli. Ngoma za Alan White zinagongana na gita la Howe linalopiga kelele kama mabati upepo wa kusi ukivuma, na kwa karibu dakika 12 hupewi pa kukaa. Halafu vyote vinanyamaza, linabaki gita la nyuzi laini peke yake, na unagundua kuwa mabega yalikuwa yamekukaza. Utamu ule huwezi kuurukia. Nimejaribu kuishusha sindano palepale. Linasikika gita zuri tu, basi.

Jumapili iliyopita nilimwita mpwa wangu nikampa sahani aiweke mwenyewe, upande wa tatu. Alinawa nilipomwagiza. Tundu akalikosa mara mbili kabla halijaingia, nikajua mistari yake miwili imeongezeka kwenye karatasi iliyo chini. Akaketi, mikono magotini. Dakika ya tano simu yake ikaita, akatoka nje kuongea, mlango akauacha wazi. Gita lilipofika nilikuwa namsikia akicheka huko uani.