Kucheka Huku Roho Iko Juu: Jinsi ya Kupima Filamu ya Kihindi ya Taharuki na Vichekesho

Filamu za Kihindi zinazotia vichekesho ndani ya hadithi ya mauaji ni nyingi, na nyingi kati yake huvitia kwa zamu: steringi anakimbizwa na majambazi, mchekeshaji anateleza na kuanguka, kisha majambazi wanarudi. Hapo umeuziwa filamu mbili nusunusu. Anayetaka kujua kazi hii inavyofanywa kwa ustadi na aanze na Andhadhun ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Sriram Raghavan. Ilipata Tuzo ya Taifa ya India ya filamu bora ya Kihindi, na uzuri wake unafundisha sawa na kasoro zake. Ambaye hajaitazama ajue mapema kwamba nitaeleza mengi.

Kwanza, angalia kicheko kinatoka wapi

Akash (Ayushmann Khurrana) ni mpiga piano wa mjini Pune anayejifanya kipofu, akiamini kwamba kwa njia hiyo atausikia muziki vizuri zaidi. Pramod Sinha, mwigizaji aliyevuma zamani, anamwalika aje kumpigia piano nyumbani siku ya kumbukumbu ya ndoa yake. Mlango unafunguliwa na mkewe, Simi. Akash anaanza kupiga, na mara anaiona miguu ya maiti ya Pramod sakafuni. Anaomba kwenda msalani. Huko amejibanza mwanamume mwenye bastola, na Akash analazimika kujisaidia kana kwamba yuko peke yake. Anarudi kwenye piano. Huku akipiga, Simi na mwanamume huyo, ambaye ni hawara wake, wanaikunja maiti ndani ya sanduku na kufuta damu, wakielekezana kwa ishara bila kutoa neno.

Tunacheka kwa sababu wauaji wanahangaika na sanduku kama wasafiri waliochelewa basi. Lakini kinachotuchekesha ndicho kinachotutisha: kipofu wao anaona kila kitu, na vidole vikitetemeka tu, naye anaingia sandukuni. Ukiiondoa hofu, kicheko nacho kinakwisha. Hicho ndicho kipimo kikuu cha aina hii ya filamu, na vingine vyote vinakifuata.

Pili, uliza kama uongo unalipiwa

Katika filamu dhaifu, mtu hudanganya, tunacheka, mambo yanaisha. Hapa uongo wa Akash unamwandama. Anakwenda polisi kuripoti mauaji na kumkuta inspekta ndiye yule mwenye bastola. Hawezi kutoa ushahidi bila kukiri kwamba macho yake ni mazima. Simi anamshuku, anamjaribu, na hatimaye anampa dawa inayompofusha kweli. Kila hatua imezaliwa na ile iliyoitangulia.

Tatu, mtazame adui

Tabu, anayecheza Simi, hakunji uso wala hacheki kicheko cha kishetani. Ni mwanamke aliyefumaniwa, akafanya kosa la kwanza, na sasa kila kosa anataka kulifunika kwa jingine. Unamwona akifikiri palepale. Tazama pia walivyomchagua Anil Dhawan kumcheza Pramod: yeye mwenyewe alikuwa nyota wa miaka ya 1970, na mzee huyu anayejitazama katika filamu zake za ujana anatuchekesha na kututia huruma. Kifo chake kinauma kwa kuwa tulishampenda.

Nne, pima bahati

Bahati mbaya inayomzidishia steringi matatizo inakubalika. Bahati inayomsaidia mwandishi kujinasua ni udhaifu, na nusu ya pili ya Andhadhun inaumwa ugonjwa huo. Anaingia daktari anayeuza viungo vya binadamu, linafuata suala la kuteka watu na kudai fidia, na washirika wanageukana kila baada ya dakika chache. Inspekta mwenyewe anakufa kwa risasi aliyoifyatua akiwa amekwama ndani ya lifti. Inashtua, lakini haikutokana na tabia yake wala na uamuzi wa mtu mwingine.

Chanzo kinaonekana. Filamu hii ilitokana na filamu fupi ya Kifaransa, L'Accordeur, ya Olivier Treiner, iliyojengwa juu ya tukio moja: fundi wa kurekebisha sauti za piano anayejifanya kipofu na maiti iliyo chumbani. Tukio hilo likishapita, waandishi walibaki kubuni safari ndefu, na wakaijaza visa. Sophie, msichana wa Akash anayechezwa na Radhika Apte, ndiye aliyeumia zaidi: anapotea kwa muda mrefu, kisha anarudishwa ili asikilize masimulizi.

Tano, mwisho uwe umefanyiwa kazi

Filamu inaishia Ulaya kwa tendo dogo linaloonyesha kwamba huenda Akash anaona, na simulizi aliyompa Sophie huenda ni ya kutunga. Fumbo la namna hii mara nyingi ni ujanja mtupu. Hapa limejengwa: tangu mwanzo tumefunzwa kutoyaamini macho yake, na sungura anayetokea mwishoni tulishamwona katika picha za kwanza kabisa.

Ukitaka kulinganisha, tafuta Jaane Bhi Do Yaaro ya Kundan Shah, ya mwaka 1983, ambamo maiti inaingizwa jukwaani katikati ya mchezo wa Mahabharata. Inachekesha kuliko Andhadhun, na mwisho wake ni mchungu kuliko wa Andhadhun, maana wasio na hatia ndio wanaobebeshwa makosa ya wakubwa.

Hukumu yangu ni hii: nusu ya kwanza ya Andhadhun ni kazi ya fundi bingwa, nusu ya pili ni ya fundi mzuri aliyezidiwa na vifaa. Itazame kwa tafsiri ya maandishi. Usiitazame kwa sauti ya mtafsiri wa kibanda umiza, hata awe hodari namna gani, kwa sababu akiongea juu ya ile piano, tukio bora la filamu nzima limekupita.