Imani ya Tolkien: Tuitafute Wapi?

Wapo wahakiki ambao, wakishajua kwamba mtunzi ni mtu wa dini, kazi yao imekwisha: kila mhusika mwema ni Yesu, kila mwovu ni Shetani. J.R.R. Tolkien ameteswa sana na usomaji wa namna hii. Ukatoliki wake si siri. Mama yake aliingia dini hiyo mwaka 1900, na alipofariki mwaka 1904, watoto waliachwa chini ya ulezi wa padri. Mwaka 1953 Tolkien mwenyewe alimwandikia rafiki yake Mjesuiti, Robert Murray, kwamba The Lord of the Rings (1954-1955) ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki katika msingi wake.

Sawa. Lakini hebu tuifungue riwaya yenyewe. Kanisa liko wapi? Padri yuko wapi? Wahobiti hawana hata kijumba cha sala. Na katika The Silmarillion (1977), hekalu linalosimuliwa kwa kirefu ni lile la Númenor, ambako Sauron anawachochea watu watoe kafara za binadamu! Mtu akisema imani haimo, tutamlaumu?

Naona anaitafuta mahali sipo. Imani haimo katika mandhari, imo katika msuko. Tazameni kilele: Frodo, baada ya taabu yote ile, anashindwa. Anadai Pete ni yake. Gollum anamng'ata kidole, anainyakua, anatumbukia nayo motoni. Na Gollum yu hai kwa sababu tu Bilbo, kisha Frodo, walimhurumia walipoweza kumuua. Shujaa wa utendi hushinda kwa nguvu zake; huyu anaokolewa na huruma iliyotolewa zamani. Wakristo huiita neema.

Kuna pingamizi: huruma si mali ya Wakatoliki peke yao. Kweli kabisa. Tena ule ushujaa wa kupigana hata pasipo tumaini umetoka katika tendi za Kaskazini, ambazo Tolkien alizisomea na kuzifundisha. Basi imani ni mfinyanzi mmojawapo tu wa ulimwengu huu.

Tofauti hii si ndogo. Tukisaka alama za Kikristo tu, msomaji Mwislamu, au asiye na dini, anabaki mgeni mlangoni. Tukisoma msuko, naye anaulizwa swali lile lile: je, binadamu aweza kujiokoa mwenyewe? Anaweza kujibu ndiyo, akapingana na Tolkien, na bado akawa ameisoma riwaya sawasawa.