Sifa za Mtafsiri wa Picha

Katika sanaa zilizozaliwa uswahilini bila chuo, bila cheti na bila mfadhili, hakuna niipendayo kama ya mtafsiri wa picha. Namzungumzia yule mtu aliyekaa mbele ya televisheni na maikrofoni mkononi, filamu ya Hong Kong, ya India au ya Marekani ikienda, akaisimulia kwa Kiswahili tangu majina ya mwanzo mpaka adui mkubwa anapolala chini. Sauti yake iliingizwa kwenye mkanda wa VHS, baadaye kwenye CD na DVD, ikasambaa vibandani na majumbani. Wapo walioiita kazi ya kihuni. Mimi nimecheka nayo, nimelia nayo na nimepata marafiki kwayo, na naona isifiwe wangalipo wanaoikumbuka.

Kibanda umiza, ukumbi wetu wa video wa mtaani, hakikuwa na cha kujivunia kwa macho. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni moja juu ya meza, na nje ubao wa chaki wenye majina ya picha za siku hiyo, yameandikwa jinsi yanavyosikika. Umeme ukikatika zogo linapanda: huyu anadai hela yake, yule anasema tusubiri, mwenye kibanda anaapa kwamba jenereta linakuja. Pembeni mwa mlango alikaa mama wa mihogo. Aliikaanga hadi kingo zikawa za kahawia, akaipasua kwa kisu ingali inafuka moshi, akatia chumvi na pilipili ya kuponda yenye ndimu, akaifunga kwenye kipande cha gazeti. Ananunua mmoja, linakula benchi zima. Katikati ya picha mkono unanyooshwa gizani, hujui wa nani, unauwekea kipande, unarudi ulikotoka. Urafiki wangu mmoja wa miaka mingi ulianza kwa mkono wa namna hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Asiyeijua hudhani mtafsiri aligeuza maneno ya kigeni kuwa ya Kiswahili, basi. Hiyo ilikuwa sehemu ndogo. Ufundi ulikuwa kuigawa sauti moja kwa watu wote waliomo. Sasa hivi ni mzee anayemkanya mwanawe, mara ni mwana anayejibu kwa kiburi, kisha anatoka ndani yao wote wawili, anakuwa msimulizi na kukuambia kwamba huyu kijana unayemwona ndiye yule mtoto aliyepotea sokoni. Halafu anageuka jirani yako wa benchi: ndugu yangu, hapa tulia, mambo ndiyo kwanza yanaanza. Anafanya yote hayo bila kufuatana na midomo ya waigizaji, na wewe hupotei hata mara moja kujua nani anasema.

Na alijua kunyamaza. Ngumi zikianza, alipandisha sauti ya picha na kujiweka kando, akirudi tu pale pigo moja lilipostahili kusemwa. Wimbo wa Kihindi aliuacha uende. Labda aseme jambo moja mwanzoni, kwamba binti anamlilia aliyemwacha, kisha akuachie mwenyewe. Watafsiri wabovu ndio walioongea bila kupumzika, kana kwamba wanaogopa picha itawashinda.

Kuna mahali katika picha moja ya Kichina ambapo mwalimu wa kung fu, mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa kimya mbele ya mwanafunzi aliyemkosea. Kijana anapiga magoti, anamimina chai, anainyanyua kwa mikono miwili. Hakuna anayesema neno. Bila mtafsiri, sisi wa benchi tungeona chai. Yeye alisubiri magoti yaguse sakafu, ndipo akasema taratibu kwamba hapa mtoto anaomba radhi. Mzee akinywa, yamekwisha, asipokunywa, kijana hana kwao tena. Halafu akanyamaza. Kibanda kizima, watu waliokuja kutazama ngumi, kikabaki kinatazama kikombe. Mkono wa mzee ulipotoka kwenye mkunjo wa nguo, mtu mmoja nyuma yangu alimsihi kwa sauti: kunywa baba, kunywa. Alipokunywa, watu walisimama wakapiga makofi. Ile picha ilitengenezwa mbali sana na sisi, na walioicheza hawakujua kama tupo. Aliyetufanya tumwombee yule kijana ni mtu wa Dar es Salaam aliyejua kuwa nasi tunajua maana ya kumwangukia mkubwa.

Ndiyo maana namweka pamoja na watambaji wa hadithi. Bibi anayetamba hadithi haikariri. Anaangalia nani yuko mbele yake, nani ameanza kusinzia, wapi pa kupandisha na wapi pa kushusha. Mtafsiri aliyerekodi hakuwaona watu wake, lakini aliwajua hata akajua watacheka wapi. Na sauti ilipita ukuta. Watoto waliokosa kiingilio walikaa nje, migongo kwenye bati, wakaifuata picha nzima kwa masikio. Kesho yake waliisimulia shuleni vizuri kuliko baadhi yetu tuliolipa.

Majumbani ilifungua mlango mwingine. Kibanda kilikuwa zaidi cha wanaume na watoto wa kiume. Mama zetu hawakuingia. Filamu zenye maandishi ya Kiingereza chini ziliwaacha nje pia waliosoma kwa Kiswahili na kuishia darasa la saba, na wazee wasiojua kusoma kabisa. Mkanda uliotafsiriwa ulipowekwa kwenye deki sebuleni, bibi alikuwa na haki sawa na mjukuu wa sekondari. Aliuliza, alilaani, alimtetea mkwe aliyeonewa. Jirani waliingia na viti vyao, sinia la visheti likazunguka.

Kusemea filamu kwa watu si jambo jipya duniani. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, kulikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya skrini, na wengine wao wakawa na jina kubwa kuliko waigizaji. Sauti ilipoingia kwenye filamu, kazi yao ikafa. Kwetu ilikuwa kinyume: filamu zilikuja zikiongea tayari, ila hazikuongea nasi. Hata kabla ya vibanda palikuwa na jaribio la kuongea nasi: kati ya 1935 na 1937 serikali za kikoloni ziliunga mkono mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, milimani Usambara. Filamu zilizungushwa kwa gari Tanganyika na nchi jirani, zikiwa na maelezo kwa lugha za wenyeji. Watu walifundishwa habari za safura na kuweka akiba posta. Yalikuwa na manufaa yake, sikatai. Lakini sauti ile iliongea na watu ikiwa imesimama mbele yao. Mtafsiri wa kibandani alikaa benchi moja nao.

Tanzania, jina lililotangulia ni la Derek Gaspar Mukandala, ambaye mitaani alijulikana kama Lufufu. Alitafsiri hata Titanic ya 1997, na wapo waliokodi mkanda kwa kumfuata yeye, picha iwe yoyote. Kenya wana DJ Afro, ambaye Kiswahili chake chenye harufu ya Nairobi kimewaingiza wengi kwenye sinema za mapigano. Uganda wanawaita VJ, na huko Wakaliga, Kampala, filamu ya Isaac Nabwana ya 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akishangilia na kuwatania wahusika.

Siku hizi televisheni zinaleta tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili studio, kila mhusika na mwigizaji wake. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, wengi waliipenda, nami nilikuwa mmoja wao. Kazi safi. Lakini studio inakazana usitambue kwamba kuna mtu katikati, na mimi yule mtu wa katikati ndiye niliyemtaka, anayesema kwamba hata yeye limemuuma.

Lipo la haki za wenye filamu, nalo ni zito. Aliyeitengeneza hakupata senti ya mkanda uliouzwa mtaani, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ipo kumlinda. Msanii yeyote anayeibiwa kazi hapa nyumbani anajua maumivu yake. Dhambi ya biashara ile, hata hivyo, isituzuie kuona ufundi wa aliyeshika maikrofoni, maana yeye naye mkanda wake ulirudufiwa na watu wasiomlipa.

Kinachonitia hofu sasa ni unyevu wa pwani. Kanda za VHS zinaota ukungu, utepe unashikana, na zinapotupwa inatupwa fasihi simulizi ya kizazi kizima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wanafundisha utambaji na maigizo. Hizi kanda zina nafasi kwao, zisikilizwe darasani na kunakiliwa upya. Mwenye sanduku la kanda chini ya kitanda asilitoe kwa wauza vyuma chakavu. Na watafsiri walio hai wakaulizwe mapema: walijifunza kwa nani, mashine ya kwanza waliipataje, picha waliiangalia mara ngapi kabla ya kuisemea, na ipi iliwashinda.