Makuruta na Walinzi wa Kaizari

Wako watakaouliza: kitabu cha kanuni za mchezo kina fani gani hata kihakikiwe? Hebu tukisome kwanza. Black Powder cha Rick Priestley na Jervis Johnson (2009) kinaeleza namna ya kupigana vita mezani kwa visanamu vya askari, wakiwemo wa enzi za Napoleon. Kikosi huweza kupewa kanuni maalumu, nami naziona kanuni hizo kuwa ndizo usawiri wa wahusika.

Chukua kanuni ya uthabiti, ambayo inawafaa Walinzi wa Kaizari. Kikosi chenye sifa hiyo huhesabiwa kimefaulu mtihani wake wa kwanza wa kuvunjika, bila kurusha dadu. Sifa imetangulia tendo. Huyo ni mhusika bapa, basi! Mbona kule Waterloo, Juni 18, 1815, Walinzi hao hao walirudishwa nyuma?

Kanuni ya makuruta ni kinyume chake. Hakuna ajuaye watakuwaje mpaka waingie vitani mara ya kwanza. Hapo ndipo dadu hurushwa. Nawakumbuka vijana walioandikishwa Ufaransa mwaka 1813, baada ya jeshi kuteketea Urusi mwaka 1812, wakabandikwa jina la mke wa Kaizari: Marie-Louise. Wenzao waliwapa jina la utani. Kanuni inawapa nafasi ya kutenda.

Dosari ipo. Dadu haijui njaa, woga wala uhaba wa mafunzo. Hata hivyo, nionavyo mimi, mtunzi anayemwacha mnyonge ajulikane kwa matendo yake amemtendea haki. Anayebisha na aandike.