Kata Isiyoulizwa: Uigizaji na Utayarishaji wa Siri ya Mtungi

Jina la Siri ya Mtungi, tamthilia ya televisheni iliyoanza kurushwa mwaka 2012, limemegwa kutoka methali isemayo kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Watayarishaji wake, Media for Development International, wameiacha kata nje, na pengo hilo linaeleza mengi. Kisa cha Cheche, mpigapicha wa Bagamoyo, na cha Mzee Kizito mwenye mitala, kimegharimiwa kwa fedha za Marekani za mapambano dhidi ya UKIMWI. Siasa ya kazi hii, basi, haimo bungeni. Imo katika swali la nani anayelipia siri za nyumba zitolewe sebuleni kwa watu.

Hata hivyo, mwongozaji Karabani hauachi ujumbe uumeze uigizaji. Juma Rajab Rashid humwigiza Cheche kama mume mwenye udhaifu, wala si kielelezo cha kukemewa. Mtazamaji humwonea haya kama anavyomwonea haya shemeji yake.

Kasoro imo katika lugha. Mandhari ni ya Mrima, ilhali mazungumzo yamesawazishwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Mkwere wa Lugoba (nayo ni kata, kwa maana nyingine) ataitambua mitaa ya Bagamoyo asiisikie lafudhi yake. Tena haya yametendeka katika mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, ambamo masikio ya kuisahihisha miswada hayakukosekana.